Filimbi katika eneo la mwenzako: ubaki kwako, usubiri, au uvuke?

Jumamosi moja ya msimu wa kusi, kwenye uwanja wa saruji wa shule moja hapa Tanga mjini, nilikuwa mwamuzi wa nyuma kwenye mechi ya mpira wa kikapu, karibu na mstari wa kati. Mwamuzi mwenzangu alisimama chini ya ringi. Kijana wa jezi ya kijani akakata katikati ya mabeki wawili, akaruka, mkono ukamshukia kwenye kiwiko, mpira ukagonga ubao na kudondoka nje. Mkono niliuona. Mwenzangu, hatua tatu tu kutoka pale, akanyamaza. Na mimi, mita kama tisa nyuma, nikanyamaza. Kocha hakumgeukia yeye, alinigeukia mimi: "Refa, wewe umeona!" Alisema kweli.

Wiki mbili baadaye nikafanya kinyume. Nilipuliza kosa la kutembea na mpira (kupiga hatua bila kuudundisha) kwenye kona iliyokuwa mbele ya macho ya mzee mmoja wa filimbi, mtu aliyenifundisha hata namna ya kunyoosha kiganja. Wakati wa mapumziko akanisogelea na chupa yake ya maji, akasema taratibu, "Mwanangu, pale mimi nilikuwepo." Hakuongeza neno. Nilirudi nyumbani Chumbageni nikiwa na aibu kuliko siku niliyotukanwa na jukwaa zima.

Kama na wewe unapuliza mechi za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, bonanza za mtaani au ligi ya mkoa, bila shaka umewahi kukwama hapo. Waamuzi ninaowajua wamegawanyika pande tatu: wanaobaki kwao, wanaosubiri kwanza, na wanaovuka bila kuuliza. Naziweka njia hizo ubavu kwa ubavu. Usitegemee nikuambie ipi imezishinda zote, maana mwenyewe nimewahi kuzitumia zote tatu ndani ya robo moja.

Eneo ni la nani hasa?

Uwanja rasmi una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Wachezaji ni kumi, macho ya waamuzi wawili ni manne. Ndiyo maana tunagawana. Wa mbele hukaa kwenye mstari wa mwisho, upande wa ringi inayoshambuliwa, na kazi yake kubwa ni boksi, lile eneo lililochorwa chini ya ringi: wachezaji warefu wanaosukumana migongo, skrini za chini (mchezaji kusimama ili amzibie beki njia), beki anayekuja kusaidia. Wa nyuma hutembea nyuma ya mpira, kidogo kushoto kwake, akisoma mchezaji anayeuendesha, mitupo ya mbali, na mpira ukiwa hewani kuelekea kwenye ringi. Mistari nayo imegawanywa: wa mbele ana mstari wa mwisho na upande mmoja wa pembeni, wa nyuma ana mstari wa kati na upande wa pili. Mpira ukiporwa, majina yanabadilika hapo hapo. Wa nyuma anatimua mbio na kuwa wa mbele.

Mgawanyo huu una umri wa mchezo wenyewe, ingawa haukuanza hivi. Mwalimu James Naismith alipoandika sheria zake 13 kule Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, aliweka wasimamizi wawili: mmoja hakimu wa watu, anayehesabu faulo, mwingine hakimu wa mpira, anayeamua kama umetoka au bado uko ndani. Waligawana mambo, hawakugawana sakafu. Nikikaa na wenzangu baada ya mechi huwa natania kwamba ugomvi wetu wote ulianza siku tulipoanza kugawana sakafu.

Lakini sakafu haina ua. Mchezaji anaanza na mpira juu, mbele ya wa nyuma, anaingia hadi chini ya ringi, mbele ya wa mbele. Faulo ikitokea katikati ya safari hiyo, ni ya nani? Desturi nzuri ni kwamba wa nyuma aendelee na beki aliyeanza naye, na wa mbele ampokee beki mpya anayejitokeza. Desturi hiyo inasaidia sana, lakini haimalizi kila kitu, kwa sababu mabeki hawajaisoma.

Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinasema kila mwamuzi anaamua ndani ya mipaka ya majukumu yake, na hana mamlaka ya kufuta wala kuhoji uamuzi wa mwenzake. Wapo wanaolisoma hilo kama marufuku ya kupuliza nje ya eneo lako. Halisemi hivyo. Linakataza kuufuta uamuzi uliokwisha kutolewa. Tatizo ni kujua kama uamuzi umetolewa.

Ukimya wa aina mbili

Mwenzako asipopuliza, ukimya wake una maana moja kati ya mbili. Ama ameona, akapima, akaamua kwamba mgusano ule hautoshi kuwa faulo. Ama hakuona kabisa. Ukimya wa kwanza ni uamuzi kamili kama faulo yenyewe, na ukiupulizia umemfuta mwenzako hadharani. Ukimya wa pili ni pengo, na usipoliziba, mchezaji amedhulumiwa huku shahidi amesimama. Kwa mtu aliye mbali, kimya hiki na kile vinafanana kabisa.

Njia zote tatu nitakazozieleza ni majibu tofauti ya swali hilo moja: huu ni ukimya gani?

Vigezo

Nitazipima kwa mambo manne. La kwanza ni unachokiona: si umbali tu, ni pembe. Je, unauona mwanya kati ya mshambuliaji na beki, au unaona migongo miwili tu? Aliye karibu anaweza kuwa kipofu kabisa akiwa kwenye mstari mmoja na miili yao, na aliye mbali akaona kila kitu. La pili ni unachokiacha: macho yako yakivuka, nani amebaki na wale wengine? Mwenye mpira na beki wake ni wawili, wanabaki wanane. La tatu ni wewe na mwenzako, na hapa Tanga hilo si jambo dogo, maana mtakutana kesho sokoni, msikitini au kwenye harusi. La nne ni jinsi uwanja unavyoisoma filimbi yako: makocha, benchi, na wale jamaa waliosimamisha baiskeli zao ukingoni ambao hawajalipa kiingilio lakini wanajua sheria zote.

Njia ya kwanza: kubaki kwako

Anayefuata njia hii anauchukua kila ukimya wa mwenzake kuwa uamuzi. Kilichotokea kule ni cha kule.

Unachokiona. Katika eneo lako utaona vizuri kuliko wote, kwa sababu unajua hakuna atakayekuokoa. Mtu wa aina hii hujisogeza mapema, hatua moja kulia, hatua moja nyuma, akiutafuta mwanya kabla mgusano haujatokea. Udhaifu unakuja kwenye yale matukio ambayo mwenye eneo hawezi kuyaona hata angekuwa na macho sita. Wa mbele akiwa chini ya ringi na mchezaji mkubwa amempa mgongo, mkono unaoshika jezi upande wa pili wa mwili ule hauonekani. Wa nyuma anauona, na njia hii inamwambia anyamaze. Yule kijana wa kijani aliponzwa na hilo.

Unachokiacha. Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Mechi nyingi za shule ninazozikumbuka kuwa ziliharibika hazikuharibikia kwenye mpira. Ziliharibikia kwa wawili waliowekeana viwiko upande ule mwingine tangu robo ya kwanza, hakuna aliyewaangalia, hadi robo ya tatu mmoja akageuka na ngumi. Mwamuzi aliyebaki kwake angewakamata mapema kwa faulo moja ndogo au hata kwa neno: "Vijana, nawaona."

Wewe na mwenzako. Heshima inalindwa. Lakini kuna upande wa ubaridi pia: mwenzako akizidiwa na jua, au timu ikianza kubana uwanja mzima, anabaki peke yake na wewe unamtazama kama abiria.

Uwanja unavyoisoma. Filimbi inatoka mahali watu wanapoitegemea, kwa mtu aliye karibu na tukio, na ubishi hupungua. Ila likipita kosa la wazi ambalo hata muuza karanga ameliona, watu hawatasema "halikuwa eneo lake". Watasema marefa wote wawili hawajui kazi.

Inamfaa nani. Mwamuzi mpya ambaye bado anajifunza kutoufuata mpira kwa macho. Wawili waliokutana leo asubuhi kwa mara ya kwanza. Na timu ya waamuzi watatu, nitaeleza kwa nini.

Njia ya pili: kusubiri, kisha kusaidia

Huyu hafanyi haraka kuuamua ukimya. Anampa mwenye eneo nafasi ya kwanza ya kusema. Akisema, imekwisha. Asiposema, na tukio lilikuwa wazi, anasema yeye.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo ni ufundi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu wengi tunaiharibu.

Kwanza, subira hii ina kipimo. Ni muda wa pumzi moja, muda wa tukio kufika mwisho wake: mchezaji ametua, mpira umegusa ringi. Filimbi ipo mdomoni, pumzi ipo tumboni. Ukipuliza kabla tukio halijaisha, umemnyang'anya mwenzako. Ukipuliza baada ya mtu kushika ribaundi, yaani mpira uliokosa ringi, na kuanza kukimbia, umechelewa. Liache lipite na ulibebe kimoyomoyo.

Pili, subira ni ya mgusano, si ya makosa ya mpira. Kutembea na mpira, dabo (kuudundisha tena baada ya kuushika), kukaa kwenye boksi zaidi ya sekunde tatu: haya hayasubiriki. Mchezaji ameshatembea, ametoa pasi, pasi imezaa pointi mbili, ndipo filimbi inalia? Hakuna atakayekuelewa. Kwa makosa ya aina hiyo katika eneo la mwenzako, ama unapuliza papo hapo au unaacha kabisa, na mara nyingi unaacha. Laiti ningelijua hili siku ile ya kona na yule mzee.

Tatu, mikono. Filimbi mbili zikilia pamoja, inua ngumi ikiwa umeona faulo, kisha usifanye lolote. Usishike kiuno kuonyesha kwamba beki ameziba njia, usipige ngumi kiganjani kuonyesha kwamba mshambuliaji amemvamia beki. Mtazame mwenzako. Mwenye eneo anachukua, wewe unashusha mkono na kurudi kwa wachezaji wengine. Hakuna aibu kubwa kwenye kazi hii kama marefa wawili kuonyesha ishara mbili zinazopingana huku timu zote mbili zinashangilia. Na kama pembeni kuna spika ya muziki, usitegemee masikio. Tazama ngumi yake kama imepanda.

Unachokiona. Kwa mgusano karibu na ringi, njia hii ndiyo inayoleta picha mbili za tukio moja: ya chini na ya juu. Sharti ni kwamba wewe unayesubiri uwe umeliona tukio tangu lilipoanza. Kuona kichwa kikirudi nyuma hakukuambii kilichokirudisha.

Unachokiacha. Kwa pumzi moja umewaacha watu wako. Kwenye mtupo ambao tayari umeshatoka mkononi hasara ni ndogo, ila ni hapo hapo watu huanza kusukumana kwa ajili ya ribaundi. Kwa hiyo wa nyuma anayesubiri kusaidia lazima arudi haraka kwa wanaoruka kutoka upande wa pili.

Wewe na mwenzako. Ikiwa mmekubaliana kabla, ni njia yenye adabu kuliko zote, umemtangulizia mlango. Ikiwa hamkukubaliana, filimbi ya kuchelewa inamuuma kuliko ya papo hapo, maana inasema: nilikusubiri, ukashindwa.

Uwanja unavyoisoma. Hapa kuna bei. Utasikia, "Imekosa ndiyo unapuliza!" Wanaamini umesubiri kuona kama mpira utaingia. Wana haki ya kushuku, kwa kuwa matokeo yanatofautiana: mpira ukiingia unahesabiwa na mtupo huru ni mmoja, usipoingia mitupo ni miwili, au mitatu kama alitupa kutoka nje ya mstari wa mita 6.75. Dawa ni kupuliza kwa kipimo kile kile mpira ukiingia na usipoingia. Ukifanya hivyo robo mbili za kwanza, kelele hupungua. Hazitaisha.

Inamfaa nani. Wawili wanaofahamiana, waliopuliza pamoja zaidi ya mara moja. Wa nyuma mwenye miguu mizuri, anayefuata mpira hadi ndani badala ya kuganda mstari wa kati.

Njia ya tatu: kuvuka bila kungoja

Umeona, unapuliza. Kwa mtu wa njia hii, ukimya wa mwenzake haumaanishi chochote. Yeye ana macho yake.

Waamuzi wengi wa mtaani wanaanza hivi, na hawajakosea kila kitu. Mchezaji aliyepigwa kiwiko cha shingo hajali mstari wa nani. Kwa faulo ya kukusudia yenye ukatili, ngumi, mchezaji wa akiba kuingia uwanjani kwenye ugomvi, au matusi kwa meza, kila mwamuzi anapuliza popote alipo, na hapo njia zote tatu zinaungana.

Unachokiona. Inategemea unaangalia nini. Ukiwa na pembe wazi, uamuzi wako wa mbali unaweza kuwa sahihi kuliko wa karibu. Lakini mazoea haya yana mtego: anayejiruhusu kupuliza popote huanza kuangalia popote, na popote huishia kuwa penye mpira.

Unachokiacha. Kingi. Macho manne yote yanakuwa kwa mtu mmoja mwenye mpira, na wanane wanafanya wanavyotaka. Nimeshuhudia mchezaji akianguka upande wa pili akishika tumbo, na sisi wote wawili tukatazamana kama wageni waliopotea njia.

Wewe na mwenzako. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo chetu kimepewa manahodha wawili kwa makusudi, kwa hiyo lazima mmoja ajue lini ni zamu ya mwingine kushika usukani. Ukivuka mara moja kwa tukio kubwa, mwenzako atakushukuru. Ukivuka mara nne kwa vitu vidogo, ataacha kupuliza kabisa katika eneo lake, akisubiri wewe upulize, na sasa una kazi ya watu wawili.

Uwanja unavyoisoma. Makocha ni wepesi. Wakigundua kwamba wewe ndiye unayevuka, wataacha kumlalamikia mwenye eneo na kuanza kukulalamikia wewe kwa kila kitu, hata kilicho mita ishirini kutoka ulipo. Kwa upande mwingine, filimbi moja ya mbali kwa kosa ambalo kila mtu ameliona huurudishia mchezo imani. Ile ya kijana wa kijani ingekuwa hivyo.

Inamfaa nani. Mwamuzi mzoefu aliyepangwa na mtu ambaye ndiyo kwanza ameshika filimbi, kwa mfano mwalimu aliyeombwa asubuhi hiyo kujaza nafasi. Lakini hata hapo, vuka kwa makubwa tu.

Msaada usio na filimbi

Kuna mambo ambayo hayahitaji yoyote kati ya hizo tatu. Mpira umetoka, mstari ni wa mwenzako, amepuliza na kunyoosha kiganja, lakini macho yake yanahangaika. Hajui nani ameugusa mwisho. Usipulize wala usionyeshe upande. Msubiri akutazame, akikutazama, onyesha kwa mkono mdogo wa karibu na kifua, au msogeleane na umnong'oneze. Yeye ndiye atakayetangaza. Vivyo hivyo kwa mguu uliokanyaga mstari wa pointi tatu: mpe taarifa, yeye aipeleke kwenye meza. Uamuzi unabaki wake na unakuwa sahihi.

Kwa mipira iliyotoka nje, naona hii inashinda kuvuka karibu kila mara.

Mkiwa watatu

Mechi za watatu hazitokei sana kwenye viwanja vyetu, ila ukipangiwa, mizani inahama. Anaongezeka mwamuzi wa kati, upande wa pili wa uwanja, usawa wa mstari wa mitupo huru. Zile pembe zilizokuwa giza kwa wawili, hasa upande usio na mpira, sasa zina mwenyewe. Kwa hiyo ukimya wa mwenzako una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa uamuzi, na sababu ya kuvuka inapungua. Baki kwako, na usubiri tu kwa wachezaji wanaoingia kwenye boksi kutoka eneo lako.

Dakika tano kabla ya mechi

Chochote utakachochagua, mwenzako akijue kabla ya mpira wa kurushwa. Si lazima kikao kirefu. Mimi na dada mmoja tunayepuliza naye mara kwa mara huwa tunasema tukiwa tunafunga kamba za viatu:

"Dada, leo nikiwa nyuma nakuja hadi ndani na beki wangu. Wewe mpokee wa pili."

"Sawa kaka. Mgongoni mwa yule mrefu wao sitaona. Ukiona, chukua, lakini nipe pumzi moja."

"Na kutembea?"

"Kutembea kwangu ni kwangu. Nikikosa, nimekosa mimi."

Imeisha. Kwa mtu mkubwa kwako, anza kwa kuuliza badala ya kupanga: "Mzee, leo ungependa nikusaidie wapi?" Sijawahi kukutana na mkubwa aliyejibu "popote pale" au "usinisaidie kabisa". Karibu wote hutaja mahali pamoja au pawili, na ukishatajiwa, hujavuka, umetumwa.

Kwa hali yako

Kama ni msimu wako wa kwanza, baki kwako kwa mechi kadhaa mfululizo, hata ikikuuma. Utajifunza kuona wanane. Kusaidia kutakuja baadaye.

Kama uwanja umelala mashariki kwa magharibi na mechi inaendelea saa kumi na moja jioni, mmoja wenu analitazama jua usoni. Mwambieni ukweli mapema: upande ule, anayelipa jua kisogo anasubiri pumzi moja kisha anasaidia. Robo ikibadilika, semezaneni tena.

Kama timu moja inabana uwanja mzima, wa nyuma ana kundi kubwa peke yake. Wa mbele asikimbilie chini ya ringi. Achelewe karibu na mstari wa kati na apulize mgusano ulio mbele yake bila kusubiri. Mipaka ya kawaida hapa haipo.

Kama ni shambulizi la kasi na wa nyuma ameachwa mbali, tukio lote la ringini ni la wa mbele. Wa nyuma anayepuliza kutoka nusu ya pili ya uwanja, huku anahema, hata akiwa sahihi hatasadikika.

Kama ni sekunde za mwisho za robo, mtupo wa mwisho na kama mpira ulitoka mkononi kabla ya muda kuisha ni kazi ya wa nyuma. Wa mbele asiinue macho kuufuata mpira hewani. Abaki na miili iliyo chini.

Kama mwenzako ni mwalimu wa shule mojawapo inayocheza, na hilo hutokea, kuvuka kwako kutasomeka kama tuhuma. Subiri zaidi ya kawaida, vuka kwa lile tu ambalo yeye mwenyewe angekushukuru, na kwa mengine mnong'oneze wakati wa mapumziko.

Kama mmepuliza pamoja tayari mara nyingi na hamna kinyongo, subiri na usaidie. Mkikosea, mtakosea pamoja na mtacheka njiani.

Na kama umepangwa na aliyekufundisha, rudi kwenye lile swali la kabla ya mechi. Mimi nililichelewesha, ila nililiuliza. Sasa na yule mzee tuna makubaliano: kutembea kwenye kona yake ni kwake daima. Mkono juu ya mtupaji, namsubiri hadi mpira uguse ringi. Ukigusa na filimbi yake iko kimya, ni yangu.